Kabla hujauza Premio ununue gari ya juu, msikilize nesi

1.
Wale mliozoea nyuzi zangu za presha, sukari na chanjo za watoto, leo mtanivumilia. Naongelea magari. Najua mtaniuliza nesi na magari wapi na wapi. Subirini, tutafika.

Hoja naiweka mezani mapema, ili hata asiyefika mwisho aondoke nayo. Gari ya chini ya familia, ile ya milango minne na buti nyuma, inapotea sokoni. Watu wanahamia gari za juu. Na bili kubwa ya uhamaji huu hailipwi na aliyenunua gari, inalipwa na mtu anayetembea kwa miguu.

2.
Tuanze na huku mtaani kwetu. Kijana akipata kazi ananunua gari ndogo, anafurahi, anapiga picha. Miaka miwili mbele, akipanda cheo kidogo tu, maneno yanaanza. "Bado uko na hiyo baby walker?" Shemeji anamcheka kwenye msiba, eti gari imegusa tuta. Basi anauza Premio, anaongeza mkopo wa kazini, anatafuta Harrier tako la nyani. Mwenye uwezo zaidi anachukua Anaconda. Wengine RAV4 Miss Tanzania, Vanguard, Kluger. Na kila mtu ndoto yake inaishia kwenye Prado.

Brevis, Verossa, Mark II, Mark X, Carina, gari tulizopandia harusi na tulizopelekewa shule, siku hizi zinaitwa gari za vijana wa kuchezea lami. Baba mwenye familia akinunua moja anaonekana kama amefilisika.

3.
Hili halijaanzia kwetu. Nendeni Marekani, ndiko lilikopamba moto.

Mwaka 1975 karibu gari mpya 8 kati ya kila 10 zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zilikuwa gari za chini, saloon na steshenwagoni. Leo zimebaki kama robo. Ford Taurus ilikuwa gari ya chini iliyouzwa kuliko zote kule kuanzia 1992 mpaka 1996. Aprili 2018 kampuni hiyo hiyo ya Ford ikatangaza kwamba Amerika ya Kaskazini inaachana na saloon zake zote. Taurus ikaisha 2019, Fusion ikafuata 2020. Chevrolet nao wakafunga Cruze mwaka 2019, Impala 2020, na Novemba 2024 wakamaliza Malibu, jina lililokuwepo tangu 1964.

Badala yake nini? Pikapu na gari za juu. Pikapu za Ford za F-Series zinaongoza mauzo ya pikapu kule tangu 1977. Na msidhani ni za kubebea mchanga. Nyingi zinabeba mtu mmoja kwenda ofisini.

Niwe mkweli, saloon haijafa kabisa. Toyota mwaka 2024 waliuza Camry zaidi ya 300,000 Marekani. Lakini RAV4 ilishaipita Camry kule tangu 2017, na pengo limekua tangu hapo.

4.
Sasa kwa nini? Mtu atasema wateja wamependa, biashara huria. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mteja naye amesukumwa.

Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, Marekani waliweka sheria ya 1975 ya kulazimisha gari zitumie mafuta kidogo. Gari za chini zikabanwa sana. Gari zilizohesabiwa kuwa za mizigo zikabanwa kidogo, maana walifikiria wakulima na mafundi. Kumbe gari za juu za familia nazo zikaingizwa kwenye kundi hilo la mizigo. Kwa kiwanda hesabu ikawa rahisi: gari ya juu sheria yake ni laini na faida yake ni kubwa.

Halafu kuna ile wanayoiita kodi ya kuku. Wazungu wa Ulaya walitoza ushuru kuku wa Marekani, Marekani wakalipiza kwa kutoza asilimia 25 kwenye pikapu kutoka nje. Mwaka huo ni 1964. Ugomvi wa kuku ulishasahaulika, kodi ipo mpaka leo. Kwa hiyo pikapu ikawa biashara iliyolindwa, na kampuni za kule zikaweka nguvu na matangazo yao huko.

Kwa hiyo ukisikia "watu ndio wametaka", jua kuna sheria, kodi na faida nyuma ya hayo mapenzi.

5.
Sisi tunaingiaje hapo? Sisi tunakula sahani ya Japani. Gari nyingi za barabarani kwetu zimetumika Japani kwanza, zikapanda meli. Mjapani akiacha kutengeneza kitu leo, sisi tunakikosa bandarini miaka minane au kumi mbele.

Na Mjapani ameshaacha. Mark X ilimalizwa Desemba 2019. Premio na ndugu yake Allion, Machi 2021. Familia za Japani zimehamia vigari vidogo kabisa, gari za mlango wa kuteleza, na gari za juu. Saloon ya ukubwa wa kati kule ni ya wazee na teksi.

Majirani zetu Kenya wataona mapema, maana wao hawaruhusu gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka minane. Sheria isipobadilika, baada ya 2028 hakuna Premio ya kutoka Japani itakayoingia Mombasa. Sisi tutavuta vuta kidogo na zilizochakaa, halafu na sisi basi. Mwanao akifika umri wa kununua gari, "gari ya familia" kwake itakuwa na maana moja tu, gari ya juu.

6.
Kabla sijafika kwenye kazi yangu, nizipe gari za juu haki yake. Sitaki kuonekana nina chuki.

Ukiishi Goba, Madale, Kivule au Chanika ndani ndani, mvua za masika unazijua. Gari ya chini unaiacha kwa jirani unavua viatu. Ukiwa na watoto watano na bibi, viti saba vinahitajika. Na nikiwa nesi naongeza moja ambalo wauzaji hawalisemi: mgonjwa mwenye maumivu ya nyonga au magoti anapata shida sana kujiinua kwenye kiti cha chini. Kiti kilicho usawa wa makalio yake kinamfaa zaidi. Kwa hiyo gari iliyoinuka kiasi inamsaidia mzee. Iliyoinuka mpaka anahitaji ngazi inamtesa tena.

Hizo sababu nazikubali. Ninayoikataa ni ya kununua ukuta wa chuma ili kumtisha mwenye bajaji.

7.
Haya, sasa tuingie wodini. Sitasimulia habari za mgonjwa yeyote. Naeleza mwili tu.

Mtu mzima akigongwa kwa mbele na gari ya chini, bampa inampiga mguuni, usawa wa goti au chini yake. Mguu unavunjika. Mwili unapinda, unalala juu ya boneti. Boneti ni bati, chini yake kuna nafasi, inabonyea kidogo na kumeza sehemu ya kishindo. Mara nyingine kichwa kinafika mpaka kioo cha mbele, na hapo mambo yanakuwa mabaya. Sisemi gari ya chini haiui. Inaua, hasa ikiwa na spidi. Ila wengi wa spidi ndogo tunawapokea wakilia mguu, na mtu anayelia mguu huku anataja jina lake na namba ya simu ya mkewe, sisi manesi tunamshukuru Mungu. Anafungwa hogo au anawekewa chuma, anakaa miezi, anarudi kazini.

8.
Sasa gari ya juu yenye pua iliyosimama. Simama mbele ya Prado au pikapu kubwa iliyoegeshwa, angalia boneti inakufika wapi. Wengine tumboni, wengine kifuani, dada mfupi kama mimi kifuani kabisa.

Hiyo ikikugonga haianzii mguuni. Inakupiga nyonga, tumbo na kifua kwa pamoja. Mwili hauwezi kupanda boneti, maana boneti iko juu kuliko kitovu chako. Unasukumwa mbele, unaangushwa chini, na gari bado inakuja.

Nyonga iliyovunjika ndiyo inayotunyima usingizi. Jirani na mifupa hiyo inapita mishipa mingi ya damu. Inapopasuka, damu inamwagikia ndani. Mtu anaweza kupoteza lita kadhaa na sakafuni usione tone. Mwili wa mtu mzima una kama lita tano tu za damu, piga hesabu mwenyewe. Hapo hajahesabiwa ini, bandama, na mbavu zilizochoma pafu. Ndiyo maana mnatuona tunamkaza mgonjwa shuka usawa wa nyonga kabla hata ya kumpeleka picha, halafu tunatoka nje kuwauliza ndugu nani anaweza kutoa damu.

Na hili mlishike hata kama mengine mtasahau: aliyegongwa nyonga msimnyanyue mikono na miguu kama gunia na kumkunja kwenye bajaji. Alazwe kwenye ubao, mlango, chochote kilichonyooka, asogezwe kidogo iwezekanavyo.

9.
Isiwe maneno ya nesi tu. Marekani kuna taasisi ya usalama barabarani inayolipiwa na kampuni za bima, IIHS. Mwaka 2023 walitoa utafiti waliopitia ajali karibu 18,000 za waenda kwa miguu. Wakakuta gari zenye boneti iliyozidi sentimita 100 hivi kutoka ardhini zina uwezekano wa kuua aliyegongwa kwa asilimia 45 zaidi kuliko gari zenye boneti isiyozidi sentimita 76 na pua iliyolala.

Na kuna kitu kingine humo ambacho ni muhimu kwetu. Gari za kimo cha kati, kama pua yake imesimama wima, nazo zilikuwa mbaya zaidi kwa asilimia 26. Zile za kimo cha kati zenye pua iliyolala hazikuonyesha tofauti ya maana na gari za chini. Hiyo point ikumbuke, tutairudia.

Vifo vya waenda kwa miguu Marekani vilikuwa 4,109 mwaka 2009. Mwaka 2022 vilizidi 7,500. Siwezi kusema vyote ni kwa sababu ya gari za juu. Kuna giza, kuna pombe, kuna simu, kuna barabara pana zisizo na pa kuvuka. Lakini ni nchi yenye madaktari na ambulansi za uhakika, na bado waliokufa wameongezeka kiasi hicho. Sisi ambao majeruhi anakuja amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi tunatakiwa tuogope zaidi.

10.
Watoto. Hapa naomba msome taratibu.

Kinachompiga mtu mzima nyongani kinampiga mtoto wa darasa la kwanza kichwani na kifuani. Yeye hana mguu wa kutangulia kuumia. Na kabla ya hapo kuna jambo la kutoonekana. Dereva wa gari ya juu anaona mbali sana, karibu haoni. Mtoto mdogo akisimama mbele ya bampa anafichwa na boneti yote.

Fanya jaribio hili Jumamosi hii, halina gharama. Chukua ndoo mbili za lita 20, zipandanishe zikiwa zimefunikwa, moja juu ya nyingine. Zinakaribia kimo cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ziweke mbele ya bampa, kaa kwenye usukani, funga mkanda, angalia kama kawaida yako. Huzioni. Mwambie mtu azisogeze mbele hatua moja moja mpaka uone kichwa cha ndoo ya juu. Hesabu hatua. Halafu azima gari ya chini ya jirani, urudie.

Hizo hatua ulizohesabu ndilo eneo ambalo mwanao anaweza kusimama uwani kwako, asubuhi unapowasha gari kwenda kazini, na wewe usijue. Kamera ya nyuma haisaidii hapo, hilo eneo liko mbele.

11.
Kuna spidi pia. Ukikaa juu, lami iko mbali na macho yako, kwa hiyo inaonekana inapita polepole. Mtu yule yule anayeona 60 ni kasi akiwa kwenye gari ya chini, akipanda gari ya juu 60 anaiona kama anatambaa. Ongeza vioo vilivyofungwa, AC na muziki. Hajui anavyokwenda.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu aliyegongwa na gari kwa mbele, hatari yake ya kufa inapanda mara nne na nusu spidi ikitoka kilomita 50 kwenda 65 kwa saa. Kilomita kumi na tano tu. Wengi wetu hatuzihesabu hata kama ni spidi, ni kukanyaga kidogo tu ili tuwahi taa.

12.
Sasa nani anatembea? Toka nje uangalie. Marekani mtu asiye na gari ni wa kutafuta. Kwetu anayetembea ndiyo kawaida. Mama wa genge anatembea alfajiri kwenda sokoni. Mwanafunzi anatembea kwa sababu konda amemkatalia. Sisi manesi tunatoka zamu saa moja asubuhi, macho mazito, tunavuka barabara ya njia nne kutafuta daladala. Barabara nyingi hazina hata njia ya pembeni, mtembea kwa miguu anagombania na bodaboda ukingo wa lami.

Hiyo hiyo WHO inasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 mpaka 29 duniani, na zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Wodini kwetu siku yoyote bodaboda ndio wengi. Nao wanakutana na pua ile ile ya gari, wakiwa hawana bati la kuwakinga.

Marekani walianza kubadilisha gari wakiwa wengi wao wako ndani ya gari. Sisi tunabadilisha wakati wengi wetu tuko nje. Gari ile ile kwetu ina watu wengi zaidi wa kuwaumiza.

13.
Najua majibu yenu, nishayasikia kwenye chumba cha chai.

"Sista, barabara zetu mbovu." Sawa. Lakini mnachanganya vitu viwili. Kinachokuvusha kwenye shimo ni nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari. Kinachoua mtu ni kimo na umbo la pua. Hivyo ni vitu tofauti. Zipo gari zilizoinuka tumbo na pua yake imelala vizuri, inashuka kama ya gari ndogo. Mnakumbuka ule utafiti, kimo cha kati na pua iliyolala? Hizo ndizo. Unapita Madale na humgeuzi mtu kuwa chapati. Ukienda yadi, usiangalie rimu na skrini tu. Simama mbele ya gari uangalie pua.

14.
"Nalinda familia yangu." Hili naliheshimu, kila mzazi anataka hivyo. Gari nzito ikigongana na nyepesi, aliye kwenye nzito anaumia kidogo. Ni kweli. Lakini maana yake kishindo kimehamia kwa mwenzako, na kesho mwenzako naye atanunua kubwa kuliko yako. Marekani ndivyo walivyofika walipofika. Pia gari ndefu kwenda juu inapinduka kirahisi kuliko ya chini, waulizeni wanaosafiri usiku barabara kuu.

Halafu familia yako haikai ndani ya gari yako muda wote. Mwanao anashuka kwenye school bus. Mama yako anavuka kwenda kanisani au msikitini. Mdogo wako yuko nyuma ya bodaboda. Kwa gari za wenzako, hao wote wako nje.

15.
"Una wivu, nunua yako." Hahaha. Hili nalo nimeambiwa. Mshahara wa diploma mnaujua, kwa hiyo wivu siwezi kukataa wote. Lakini mkopo wa Prado hauondoi nyonga iliyovunjika kwenye picha ya eksirei.

Na tukiongelea pesa, gari ya chini ni nyepesi na inakata upepo vizuri, inakunywa kidogo. Tairi zake bei nafuu. Ushuru wetu nao unapanda na ukubwa wa injini. Watu wanabana ada ya mtoto ili wajaze tenki la heshima. Mzee mmoja fundi magari hapa mtaani huwa anasema kazi yake imekuwa nzuri tangu watu waanze kununua gari ambazo hawawezi kuzihudumia.

16.
Ninachoomba kwako msomaji ni vitu vichache.

Kama una gari ya chini inayokutosha, usiiuze kwa sababu ya maneno ya msibani. Itunze. Badilisha shokapu, ongeza spring kidogo kama inagusa, endelea na maisha.

Kama unahitaji gari ya juu kweli, chukua ile ya chini kuliko zote inayomaliza kazi yako, na pua iliyolala.

Kama umefunga ngao ya chuma mbele, na hauishi mbugani na nyati, itoe. Bati linabonyea, lile chuma halibonyei. Ulaya waliziwekea masharti ngao ngumu za namna hiyo miaka mingi iliyopita kwa sababu hii hii.

Usiinue gari kwa ajili ya muonekano. Kila inchi unayoongeza, unaihamisha bampa kutoka kwenye goti la mtu kwenda kwenye tumbo lake.

Ukiwa mtaani, penye shule, soko au kituo cha daladala, shuka mpaka 30. Na kabla ya kuondoa gari nyumbani, zunguka mbele uangalie. Sekunde kumi.

17.
Kwa wakubwa wa serikali mnaopita humu kimya kimya, najua mpo. Gari ikiingia nchini tunakagua breki, taa, moshi, tunahesabu umri na ukubwa wa injini ili tutoze ushuru. Pua hatupimi. Ulaya na Japani gari mpya lazima ipimwe inamfanya nini mtu ikimgonga. Marekani wenyewe, waliochelewa, mwaka 2024 mamlaka yao ya usalama barabarani ilipendekeza kanuni ya kulinda kichwa cha mwenda kwa miguu. Sisi hatutengenezi gari, ila tunaamua ipi tuitoze nafuu na ipi tuitoze ghali. Gari ya chini ya familia ipewe nafuu. Pua ya sentimita mia iongezewe. Hizo pesa zijenge njia za waenda kwa miguu na zinunue mifuko ya damu.

Na misafara yenu pia. Mwananchi anajifunza heshima ya gari kwa kuangalia kiongozi anapanda nini. Mkipanda za chini kwa mikutano ya mjini, hata shemeji msibani atanyamaza.

18.
Nimemaliza. Mwenye hoja tofauti alete, madereva, mafundi, wauzaji wa yadi, karibuni tubishane kwa adabu. Mliofanya jaribio la ndoo niandikieni aina ya gari na hatua mlizohesabu, nitazipanga kwenye orodha ili wanaotaka kununua waone.

Uzi unaofuata tunarudi kwenye mambo yetu: kofia ya bodaboda, kwa nini ile ya elfu kumi inayopasuka ikidondoka mezani haiwezi kulinda kichwa.

Zamu yangu inaanza saa moja na nusu usiku, na kutoka hapa mpaka hospitali natembea. Mkiniona pembeni ya barabara na koti jeupe, punguzeni mwendo.